Nilinyamaza, mjukuu wangu akalipa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30, nikiiandika ubaoni na kuwataka wanafunzi waieleze maana na matumizi. Leo nakiri mbele yako kwamba mwalimu mwenyewe hakuwa ameielewa. Niliyaficha maradhi, na aliyeumbuliwa si mimi. Ni mjukuu wangu, ambaye hata shule ya chekechea hajaanza.

Naomba unisikilize, hasa wewe uliye na binti anayekaribia kuposwa au kijana anayetafuta mchumba. Siyasemi haya ili unihurumie. Nayasema ili usije ukatenda nililotenda mimi.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Mbita, kule ambako ukifungua mlango asubuhi kitu cha kwanza kukiona ni ziwa. Niliolewa karibu na Awendo, kwenye mashamba ya miwa, siku ambazo Migori na Homa Bay zote zilikuwa chini ya wilaya moja ya Nyanza Kusini. Kifungua mimba wetu, mvulana, alizaliwa mwaka wa 1989. Alikuwa mcheshi ajabu lakini mnyonge wa mwili. Macho yake yalikuwa na umanjano usioisha. Homa ilimrudia karibu kila mwezi, na kila tulipompeleka kwenye zahanati tuliandikiwa dawa za malaria na kuambiwa twende nyumbani. Hatukushuku lolote. Kwetu malaria ni kama mvua, haimbagui mtu.

Usiku mmoja wa mwaka 1992 aliishiwa damu ghafla. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi, na tumbo limevimba upande wa kushoto. Tulipata gari alfajiri. Hatukuwahi kufika.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza. Wapo waliosema ni chira, kwamba kuna mwiko tuliouvunja. Wapo waliotaja kijicho. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini uchungu ulimfanya aseme jambo ambalo nililibeba moyoni miaka mingi: "Sisi hapa hatujawahi kuzika watoto namna hii. Damu hii imetoka ziwani." Wazee wa mume wangu wakamnong'oneza kwamba dawa ya mambo hayo inajulikana, naye ni mke wa pili.

Tulijaliwa binti mwaka 1993, mwenye afya njema kabisa. Maneno yakapoa. Kisha mwaka 1996 nikajifungua mvulana mwingine. Alipofika miezi minane, mikono na miguu yake ilivimba ikawa kama maandazi, naye akalia usiku kucha. Moyo ulinipasuka. Nilijua kwamba yale yamerudi.

Safari hii Mungu alitukutanisha na tabibu mmoja mwanamke, mtu wa makamo, asiye na maneno mengi. Alivitazama vile vidole, akamfunua mtoto kope, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kuna mtoto uliyempoteza kabla ya huyu?" Nilipojibu ndiyo, hakuandika dawa ya malaria. Alituandikia kipimo cha damu.

Pale kwenye benchi la maabara niliketi na mama mmoja Mkuria kutoka upande wa Kehancha. Mwanawe alikuwa ameng'oka jino, na kwa siku tatu damu ilikuwa haijakatika. Tuliulizana habari kama wafanyavyo akina mama wakisubiri. Kumbe naye alikuwa ameambiwa mambo yaleyale ya laana. Yeye alihofu siku ya jando. Mimi nilihofu siku yoyote ile. Tabibu alikuja kunieleza baadaye kwamba damu ina magonjwa kadhaa ya kurithi. Kuna hemofilia, ambapo mwili hauna protini ya kutosha ya kugandisha damu, hata kidonda kidogo hutoka damu bila kukoma. Mara nyingi huo hupitishwa na mama ambaye mwenyewe haonekani kuugua, na huwapata zaidi wavulana. Nasi kandokando ya ziwa tuna wetu, tena tunao kwa wingi: selimundu.

Msomaji, pengine umelisikia neno hilo bila kuelezwa. Chembe nyekundu za damu ya kawaida ni duara na laini, hupita kwenye mishipa myembamba bila taabu. Za mgonjwa hujipinda zikawa kama mundu wa kukatia nyasi, zikawa ngumu na zenye kunata. Hukwama mishipani na kuzuia damu isipite, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu ya mifupa yanayomfanya mtu mzima alie kama mtoto. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120. Ya selimundu hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake kuwa ya manjano. Ajabu ni kwamba wakati damu ya yule mtoto wa Kehancha ilikataa kuganda, damu ya mwanangu huweza kuganda mahali pasipotakiwa: miguuni, mapafuni, au kuziba mishipa ya ubongo na kuleta kiharusi kwa mtoto mdogo.

Majibu yalirudi yameandikwa herufi mbili tu: SS.

Tabibu alichukua karatasi akanichorea. Alisema, fikiria kila mtu ana punje mbili za mahindi, moja amepewa na baba, nyingine na mama. Punje nzima tuiite A, na yenye kasoro tuiite S. Mwenye AA yu salama. Mwenye AS ana punje moja yenye kasoro, lakini ile nzima humtosha. Ataishi maisha yake, atalima, atacheza mpira, na huenda asijue kamwe. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Wakikutana wawili wenye AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto wa SS, nafasi 2 kati ya 4 za kuzaa wa AS, na 1 kati ya 4 ya kuzaa wa AA.

Hapo wengi hukosea. Hudhani kwamba wakizaa wanne, mmoja ataugua na watatu watapona. La hasha. Kila mimba ni kura mpya. Kuna watu waliozaa watano wote wazima, na kuna waliozaa watatu wote wagonjwa.

Lakini neno lililonishika siku ile lilikuwa moja: "wakikutana wawili". Mtoto wa SS hawezi kuwa na punje ya mama peke yake. Basi damu haikutoka ziwani pekee.

Nilipomweleza mume wangu, alikasirika. Alisema yeye ni mzima, hajawahi kulazwa hata siku moja, apimwe nini? Ilichukua miezi mitano. Siku moja alipanda matatu hadi mjini Migori bila kuniaga, akarudi jioni, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mama yake. Nilikuwa nje napepeta mtama, nikasikia akisema kwa sauti ndogo, "Mama, hata mimi ninayo. Tena huenda nimeipata kwako au kwa baba." Mama mkwe hakujibu. Lakini kesho yake aliniletea kuku, na habari ya mke wa pili haikusikika tena. Nami hujiuliza, angeoa mwingine naye akawa wa AS, si angalianza kuzika upya?

Ungedhani kwamba baada ya kujua, tungetangaza. Hapo ndipo tulipokosea, mimi na mume wangu. Tulikubaliana tunyamaze. Tulimtunza kijana wetu kwa siri. Majirani tuliwaambia ana "udhaifu wa damu". Binti zetu wawili, yule wa 1993 na kitinda mimba wa 1999, hatukuwapima wala hatukuwaeleza. Tulisema, kwa nini tuwatie doa wasichana wazima? Nani ataleta ng'ombe kwenye boma ambalo inajulikana kwamba damu yake ina kasoro?

Binti mkubwa aliolewa mwaka 2018, upande wa Rongo. Arusi ilifana. Nilicheza mpaka viatu vikakatika. Mjukuu alizaliwa mwaka 2022, na kabla hajatimiza mwaka mmoja nilipigiwa simu. "Mama, mtoto mikono imevimba."

Nilipanda gari nikiwa najua jibu. Wiki mbili baadaye majibu yalitoka: mtoto SS, mama AS, baba AS. Binti yangu alisoma karatasi ile, kisha akanitazama. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Mama, ulijua?"

Msomaji, nimezika mtoto. Lakini swali lile lilinichoma mahali ambapo hata msiba haukufika.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kuhusu jambo hili, na nimegundua kwamba aibu yetu haina msingi wowote. Mwaka 1949, kijana mmoja aliyelelewa hapa Kenya na kusomea Oxford, Anthony Allison, alizunguka nchi yetu akipima damu za watu. Aligundua kwamba kandokando ya Ziwa Victoria na huko Pwani, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alikuwa na AS, ilhali nyanda za juu walikuwa chini ya 1 kati ya 100. Alijiuliza, kwa nini kasoro inayoua izidi hivyo mahali fulani na ikose kwingine? Akaona kwamba ilifuata mahali palipo na malaria kali. Alifanya jaribio na wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye AS na 15 wasio nayo, wakatiwa vimelea vya malaria, kisha wakatibiwa. Kati ya wale wasio na AS, 14 walishikwa. Kati ya wenye AS, walishikwa 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na mpaka leo wanafunzi wa tiba na elimu ya viumbe duniani kote hufundishwa habari hiyo.

Umenielewa? Punje ile moja ndiyo iliyowakinga babu zetu wasimalizwe na malaria wakiwa watoto. Hatukulaaniwa. Ni ngao tuliyoachiwa, ila ngao mbili zikikutana katika mtoto mmoja humwumiza. Na jambo lenye chanzo kama hicho la kuonewa aibu liko wapi?

Sasa nikueleze kuhusu kipimo chenyewe, maana watu hukiogopa bure. Kinachohitajika ni damu kidogo, na katika vipimo vipya vya haraka tone moja la kidoleni latosha, majibu hutoka ndani ya dakika chache. Maabara kubwa hutumia mashine zinazotenganisha aina za damu na kuonyesha wazi kama wewe ni AA, AS au SS. Lakini uwe mwangalifu. Kipimo kile cha zamani cha kutazama tu kama chembe zinajipinda hukuambia kwamba S ipo, ila hakikuambii kama ni AS au SS. Na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kukudanganya, kwa sababu bado ana damu ya utotoni inayomkinga. Mtu aliyeongezewa damu karibuni naye humfaa kumweleza mpimaji, kwani damu ya kupewa huchanganya majibu. Usitosheke na kuambiwa "uko sawa". Uliza herufi mbili, uziandike, uzihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Anza kwa kuulizia katika hospitali kubwa ya kaunti yako. Kama kipimo kamili hakipo, watakuelekeza kilipo.

Kujua mapema humwokoa pia mtoto ambaye tayari amezaliwa. Barani Afrika inakadiriwa kwamba nusu au zaidi ya watoto wenye selimundu wasiotibiwa hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi wao bila wazazi kujua kilichowaua, kama mwanangu wa kwanza. Lakini mtoto akigunduliwa akiwa mchanga, hupewa penisilini kila siku mpaka miaka mitano ili kumkinga na maambukizi, dawa ya kuzuia malaria, asidi ya foliki ya kusaidia kuunda damu, na chanjo zote kwa wakati. Hulala ndani ya chandarua, hunywa maji mengi, hukingwa na baridi. Mama hufundishwa kupapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, ili ajue bandama likianza kuvimba. Laiti mtu angenifundisha hivyo mwaka 1992. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu, malaria na vifo. Hayo yalithibitishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao ulifanyiwa watoto wa Afrika, wakiwemo wa Kilifi hapa kwetu na wa nchi jirani ya Uganda.

Huko ng'ambo, mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha chembe za urithi za mgonjwa. Gharama yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mtu mmoja. Mimi na wewe hatuna mamilioni hayo. Lakini tone la damu kila mtu analo.

Kijana wangu wa 1996 yu hai. Anatengeneza simu katika kibanda chake mjini Homa Bay, anakunywa dawa zake, na siku ambazo mifupa inamuuma hufunga kibanda na wateja wake wanaelewa. Mjukuu wangu anaendelea vyema, ingawa mwaka uliopita alilazwa mara mbili. Kila nikimpakata nalikumbuka swali la mama yake.

Basi kitinda mimba alipotuletea habari kwamba kuna kijana wa upande wa Oyugis anayetaka kuja kujitambulisha, sikusubiri. Nilimwita jikoni nikamweleza yote, tangu kaburi la kaka yake mpaka ile siri yetu. Alilia, akanikasirikia, kisha akaenda kupimwa. AS. Baba yake alisema si heshima kuwadai wageni damu kabla hawajaketi. Nilimjibu, "Baba watoto, heshima hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa." Hakubishana nami.

Binti alimwambia mwenzake mwenyewe, na kijana akapimwa kwa hiari. Ningependa kukuambia kwamba majibu yalikuwa AA. Hayakuwa. Naye ni AS.

Hatukuwaachanisha wala hatukuwashurutisha. Siku ya kuja kwa wazazi wake iliahirishwa. Mshauri wa hospitali aliwaketisha wote wawili, akawaeleza hesabu ile ya punje na njia walizo nazo: kuachana kwa wema, kuoana bila kuzaa na pengine kulea mtoto wa kupanga, au kuoana na kuzaa wakijua, na kila mtoto apimwe tangu kuzaliwa. Uamuzi ni wao.

Jumapili iliyopita kijana alikuja peke yake, akaomba kuonana na kaka ya mchumba wake, ambaye alikuwa amekuja nyumbani. Waliketi chini ya mwembe mpaka giza likaingia. Nilipowapelekea chai nilimsikia mwanangu akimwambia, "Maumivu ni ya kweli, sikudanganyi. Lakini siku hizi dawa zipo. Mimi kilichoniumiza zaidi ni kufichwa kama mtu aliyeiba."

Niliweka chai mezani nikarudi jikoni. Wataamua nini, sijui. Najua tu kwamba lolote watakaloamua, binti huyu hatakuja kuniuliza kama nilijua.

Msomaji, kabla hujahesabu ng'ombe, kabla hujachapisha kadi za arusi, waulize watoto wako herufi zao mbili. Na kama wewe mwenyewe huzijui zako, anza na wewe.